Jicho la Msafiri

Katika mambo ambayo watu huyasifu bila kuyachunguza, safari ni mojawapo. Wazee husema kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi, na vijana hujibu kuwa kutembea kwingi ni kuona zaidi. Sisi walimu nasi huwaambia wanafunzi kwamba safari ni chuo kisicho na kuta. Nimelisema neno hilo mara nyingi mbele ya darasa, chaki mkononi, wala sikumbuki hata siku moja mwanafunzi aliyesimama akaniuliza: Je, Mwalimu, katika chuo hicho ni nani afundishaye, naye hulipwa nini? Angeuliza, yamkini ningemwambia aketi. Leo nataka kujaribu kumjibu, kwa sababu swali hilo niliulizwa mwishowe. Si darasani bali ugenini, na aliyeniuliza alikuwa mwanamke aliyekuwa akianika nguo.

Katika likizo ya Agosti 2023 walimu watatu tulikwenda Afrika Kusini. Tangu mwanzo wa mwaka ule Mkenya alikuwa haombi tena viza ya kuingia nchi ile kwa matembezi yasiyozidi siku 90, nasi tulikuwa tumejiwekea akiba katika chama chetu kwa miaka miwili. Mmoja wetu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mchangamfu, apendaye kusimama mbele ya kila mlima na kuutaja jina kama aitaye wanafunzi asubuhi. Wa pili alikuwa dada mmoja afundishaye hisabati, ambaye tulimkabidhi mfuko wa fedha kwa kuwa sisi wanaume wawili hatukuaminiana. Wa tatu ndimi. Tulikodi motokaa ndogo mjini Cape Town, tukaazimu kuifuata barabara kuu iitwayo N2 kuelekea mashariki, bahari ikiwa mkono wa kulia, mpaka mji ambao ramani za zamani huuita Port Elizabeth na ambao tangu mwaka 2021 jina lake ni Gqeberha. Kisha tuingie katika hifadhi ya ndovu ya Addo. Ni mwendo wa kilomita 750 hivi toka mji hadi mji. Motokaa huko huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo dereva hakupata tabu ila moja: macho yake yalitaka kwenda kuliko na bahari, na barabara ilimtaka ayarudishe.

Cape Town ni mji mzuri; asemaye vinginevyo ana ugomvi na macho yake mwenyewe. Nyuma yake umesimama mlima wenye kichwa bapa, uitwao Table Mountain, urefu wake ukipita mita 1,000 kidogo, na wingu jeupe hushuka juu yake kama kitambaa kinachotandikwa mezani. Lakini chini ya mlima ule, si mbali na maduka na ofisi, tuliona uwanda wa majani mahali ambapo mji wenye ardhi ya bei kali hauna desturi ya kuacha uwanda. Hapo palikuwa na mtaa uitwao District Six. Mwezi wa Februari 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kuwa mtaa ule ni wa weupe peke yao. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na kupelekwa mbali, kwenye nchi tambarare ya mchanga, na nyumba zao zikavunjwa. Kisha sehemu kubwa ya ardhi ile ikakaa bure, haikujengwa. Karibu na hapo, ndani ya kanisa la zamani, pana makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994. Sakafuni imetandazwa ramani kubwa ya mtaa ule, na waliokuwa wakazi wameandika majina yao mahali nyumba zao zilipokuwa. Tulipita juu ya ramani ile kwa kunyata, kama watu wapitao penye mgonjwa aliyelala.

Siku ya pili tulikwenda Simon's Town, mji mdogo wa bandari, kuwatazama pengwini. Hawa ni ndege wasioruka; huvaa weusi mgongoni na weupe kifuani, na huenda kama mawakili walioshiba. Tulicheka sana. Jozi za kwanza zilikuja kukaa kwenye pwani ile mwanzoni mwa miaka ya 1980, zikapendwa, zikalindwa, zikajengewa uzio. Na watu hutembea juu ya njia ya mbao ili wasiyavunje mayai yao. Ulinzi huo ni wa haki, kwani mwaka uliofuata safari yetu wataalamu waliwaingiza ndege hao katika daraja la viumbe walio karibu kabisa na kutoweka. Lakini nilisoma pia kwamba mji ule ule ulitangazwa kuwa wa weupe mwaka 1967, na watu weusi pamoja na wale wa damu mchanganyiko, ambao vizazi vyao vilivua samaki na kufanya kazi bandarini pale, waliamriwa kuhama. Kwa hiyo watu walitolewa, na baada ya miaka kumi na mitano ndege wakakaribishwa. Sisemi kuwa ndege wana hatia. Nasema tu kuwa kicheko changu kilikatika.

Hapo ndipo ubishi wetu ulipoanza, nao ulisafiri pamoja nasi motokaani kama abiria wa nne. Tulifika Hermanus, mji ulio juu ya majabali, tukakaa kwenye mawe kuwangoja nyangumi, ambao katika miezi ile huja kuzaa karibu sana na nchi kavu hata mtu huwaona bila darubini. Mwalimu wa jiografia aliniambia, "Wewe umekuja kuomboleza. Watu hao walihamishwa kabla hatujazaliwa, na hatukuwahamisha sisi. Furaha yangu haimtoi mtu kwake. Kama kila mahali pazuri ni lazima tulie kwanza, afadhali tungebaki nyumbani tukalia kwa bei nafuu."

Msomaji asilidharau neno hili, lina nguvu. Ni kweli kwamba hatia hairithiwi kama shamba, wala mgeni hawezi kubeba makosa ya nchi asiyoitawala. Tena huzuni ya mgeni yaweza kuwa aina ya majivuno: mtu hutembea na uso wa msiba ili aonekane mwema kuliko wenziwe, na jioni hula vizuri na kulala vizuri. Nilimjibu kwamba furaha isiyotaka kujua ni kama mtu alaye karamuni asiulize ng'ombe ni wa nani. Nalo ni jibu zuri la kusema, ila halikutueleza tufanye nini. Dada yetu wa hisabati, aliyekuwa akihesabu noti, alisema bila kuinua kichwa: "Aliyefukuzwa hapendi umsahau, lakini sidhani kama anataka machozi yako pia. Angependa ununue samaki wake." Kisha nyangumi akapumua mbele yetu, mvuke ukaruka juu, na sote watatu tukanyamaza. Viumbe hawa nao waliwindwa mno zamani, mpaka mwaka 1935 mataifa yalipokubaliana kuwalinda. Sasa huja na watoto wao bila hofu. Kama wanakumbuka, hawaonyeshi.

Mossel Bay inahitaji neno zaidi, kwa maana hapo historia yao inashikana na yetu. Mreno Bartolomeu Dias alitia nanga katika ghuba ile mwaka 1488, akateka maji, akakosana na wenyeji Wakhoikhoi, wachungaji wa ng'ombe. Mmoja wa wachungaji hao akauawa. Mwishoni mwa mwaka 1497 alikuja Vasco da Gama. Wenyeji waliwapigia wageni filimbi na kucheza, wakauza fahali, kisha ugomvi ukazuka tena. Da Gama alisimamisha nguzo na msalaba kwenye pwani, kama ilivyokuwa desturi ya Wareno; na meli zake zilipokuwa zikijitayarisha kuondoka, wageni waliwaona wenyeji wakiiangusha nguzo ile. Meli hizo hizo ndizo zilizofika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498. Nguzo ya Wareno iliyoko Malindi ingali imesimama, na kila mwaka watoto wa shule zetu hupelekwa kuiona. Mimi mwenyewe nimewapanga mistari miwili mbele yake na kuwaambia wasiitie mikono. Lakini sikuwa nimewahi kuwaambia kuwa kuna ndugu yake iliyoangushwa siku zile zile ilipojengwa. Mgeni hupanda nguzo kusema "Nimefika." Mwenyeji aliyeiangusha alikuwa akisema nini? Pengine tu: "Hatukukuuliza."

Hadithi ya pwani ile haikuishia hapo. Mwaka 1988, ilipotimia miaka 500 tangu kufika Dias, ilifanywa sherehe kubwa, na merikebu iliyoigwa kwa ile ya kale ikaja toka Ureno. Wenyeji wasio weupe walikataa kushiriki, kwa sababu pwani yenyewe walikuwa wamekatazwa kuitumia. Basi weupe wachache wakajipaka rangi nyeusi na kuvaa nywele za bandia, wakawa Wakhoikhoi wa kuwapokea wageni. Mwenzangu wa jiografia aliposikia hayo alicheka mpaka akashika tumbo, nami nikacheka pia. Zipo dhuluma ambazo, baada ya muda, hazibakizi kitu ila upumbavu wake. Mwezi wa Novemba 1989 serikali ilitangaza kuwa pwani zote ziko wazi kwa watu wote, na sheria ya mwaka 1953 iliyotenga mahali pa starehe kwa rangi ikafutwa mwaka 1990. Siku tuliyokuwapo sisi, watoto wa kila rangi walikuwa wakikimbizana majini hapo, ijapokuwa baridi ilikuwa kali, wala hawakuwa wakifikiri juu ya sheria yoyote.

Mpaka hapo, msomaji, nilikuwa nimejiona kuwa msafiri mwema. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza, nimenyata juu ya ramani. Kisha tukafika Knysna.

Mji ule umelala kando ya mlango wa bahari uliozungukwa na vilima. Chini, kando ya maji, yako maduka na mahoteli. Juu, vilimani, viko vitongoji vya watu wa kazi, na nyumba nyingi huko ni za mbao, kwa kuwa nchi ile ina misitu. Tulipanda huko kwa motokaa kwa sababu tuliambiwa mandhari ni nzuri zaidi toka juu. Nikashuka. Mbele yangu palikuwa na nyumba ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, na kamba ya nguo za watoto zikipigwa na upepo. Nikainua simu nikapiga picha. Mwanamke akatokea nyuma ya shuka, kibanio cha nguo mdomoni. Akakitoa, akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, "Bhuti, umeona nini hapa?" Bhuti ni kaka katika lugha yake.

Nikamwambia kuwa napiga picha ya mandhari.

"Mandhari iko nyuma yako," akasema. "Bahari iko kule. Hapa ni kwangu."

Aliuliza tumetoka wapi, nikamwambia Kenya. Akashangaa kidogo. "Mmetoka mbali kuja kuchukua kamba ya nguo," akasema, "na aliyewafundisha kuichukua, mmemlipa nini?" Sijui kama nilimwelewa vema, maana upepo ulikuwa mkali na Kiingereza kwetu sote wawili kilikuwa lugha ya kuazima, lakini hivyo ndivyo nilivyosikia, na sijapata kuacha kusikia. Niliifuta picha mbele yake. Hakunishukuru, wala hakuwa na sababu ya kunishukuru. Akarudi kwenye nguo zake.

Tazama basi jinsi moyo ulivyo mjanja. Kwa siku tano nilikuwa nimewahurumia watu walioondolewa mwaka 1966 na mwaka 1967, watu ambao sikuwaona na ambao hawakunidai kitu; na wa kwanza kusimama mbele yangu akiwa hai, sikumwona. Niliona rangi ya buluu. Ni rahisi kuwaheshimu waliodhulumiwa zamani, kwa kuwa hawaanui nguo zao tunapopita. Historia niliyoisoma ilikuwa imenipa maneno, lakini jicho lilibaki jicho la mpitaji, lile lile la Dias na la Da Gama, lililoona maji, ng'ombe na mahali pa kupanda nguzo.

Tena mimi sikuwa na udhuru, kwa sababu nalijua jicho hilo toka upande wa pili. Nimezaliwa katika nchi ya chini ya Taita, si mbali na Voi, na barabara ya Mombasa ilipita karibu nasi. Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, gari la watalii lilisimama tulipokuwa tukitoka kuteka maji, bibi yangu na mimi. Yeye na ndoo kichwani, mimi na kaptura iliyochanika nyuma. Mtu mmoja akatoa kamera dirishani. Bibi hakuweza kujificha kwa sababu ya ndoo. Mimi niliweza, nikajificha nyuma yake, na nadhani ndivyo nilivyo katika picha hiyo mpaka leo, kama ingali ipo katika nyumba ya mtu huko ng'ambo: masikio mawili na goti. Gari likaenda zake. Bibi alisema neno moja tu, "Hata salamu." Miaka thelathini baadaye nikavuka mipaka kwa akiba ya chama, nikafanya vile vile kwa mwanamke mwingine, wala mimi sikuwa na udhuru wa kutojua.

Toka Knysna tuliingia Tsitsikamma, hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964 kulinda msitu na bahari pamoja. Jina lake husemwa kuwa na maana ya maji mengi katika lugha ya kale ya wenyeji. Mahali mto uitwao Storms unapoingia baharini pana daraja la kuning'inia la mita 77. Ulivukapo hutikisika, na chini yako maji ni ya rangi ya chai. Sikupiga picha nyingi. Hapo nilijifunza kuwa hukumu si nyepesi kama nilivyodhani. Kwa miaka mingi watu wa vijiji jirani walikatazwa kuvua kwenye pwani ile, ambako wazee wao walivua. Wakalalamika, na mwishoni mwa mwaka 2016 wakaruhusiwa kuvua katika baadhi ya sehemu zake. Wengine wakafurahi kuwa haki imerudi. Wengine, miongoni mwao watu wa elimu ya samaki, wakahuzunika, kwa kuwa samaki wa majabali hukua polepole, na pwani iliyofungwa ndiyo inayozijaza tena zile zilizo wazi. Nani mwenye haki? Mvuvi ana njaa leo; samaki akiisha, mtoto wa mvuvi atakuwa na njaa kesho. Asemaye kwamba jambo hili ni jepesi, aghalabu yu mbali na bahari au yu mbali na njaa.

Gqeberha tulilala usiku mmoja tu, mvua ikinyesha, na sina la kusema juu yake ila kwamba jina lake jipya lina sauti ya ulimi ambayo mwalimu wa jiografia aliifanyia mazoezi mpaka usingizi ukatukimbia.

Asubuhi tulikwenda Addo. Njia hupita katika bonde la mto Sundays, bonde la machungwa. Mistari ya miti ya kijani inaenda mpaka macho yachoke, na kando ya barabara huuzwa mifuko kwa bei ya chini. Nilinunua mmoja. Langoni mwa hifadhi askari akatuuliza kama tuna machungwa, nikafurahi nikidhani anataka nimgawie. Akaniambia kuwa hayaruhusiwi kuingia. Sababu yake ndiyo kisa kizima cha mahali pale.

Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima walipolifungua bonde lile, ndovu waliokuwamo walivunja mashamba na kunywa maji ya mabwawa. Wakulima wakalalamika. Mwaka 1919 serikali ya huko ikamwajiri mwindaji mmoja, Meja Pretorius, na katika muda wa mwaka mmoja hivi akawaua ndovu wapatao 114. Waliosalia walijificha katika vichaka vya miiba. Hapo watu wakaona haya, au wakachoka, na mwaka 1931 hifadhi ikatangazwa. Ndovu walikuwa wamebaki 11. Lakini hifadhi haikuwa na uzio wa kuwazuia, kwa hiyo walinzi waliwapelekea machungwa na matunda mengine ili wasitoke kwenda kuyatafuta kwa wakulima. Mwaka 1954 msimamizi mmoja, Armstrong, alibuni uzio kwa kutumia reli za tramu zilizoachwa na kamba za chuma za lifti. Ndani yake walikuwamo ndovu 22. Machungwa yaliendelea kumwagwa mpaka miaka ya 1970, watalii wakija kutazama, na ndovu wakawa wagomvi, wakipigania chakula. Yakakomeshwa. Lakini ndovu huishi miaka mingi na hukumbuka. Waliovunja motokaa kwa kufuata harufu ya chungwa walilazimisha sheria ile ya langoni. Leo wamezidi 600. Majike wengi wao hawana pembe, kwa kuwa wote ni uzao wa wale wachache waliopona. Risasi za mwaka 1919 bado zinaonekana usoni mwa ndovu waliozaliwa majuzi.

Tuliwaona. Kundi la ndovu arobaini au zaidi lilikuja kunywa maji, wadogo wakiwa kati ya miguu ya wakubwa, na motokaa zote zikazimwa. Palikuwa kimya hata tukasikia matumbo yao. Nami, mtoto wa Taita, machozi yalinilenga; kisha mara nikaona haya, nikakumbuka mama yangu.

Mama yangu hapendi ndovu. Usiku wa mavuno amekuwa akikaa macho na debe na kijiti, akipiga kelele ili mahindi yake yapone. Mara nyingine yamepona, na mara nyingine asubuhi amekuta mabua yamelala kama yaliyopigwa na tufani. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948, na sehemu zake mbili ni zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Ndani yake walikuwamo Wawaata, wawindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu, ambao msitu ulikuwa kwao. Mara wakageuka kuwa wahalifu kwa kazi ile ile waliyofundishwa na baba zao. Sheria yetu ya mwaka 2013 inasema kuwa mtu akiuawa na mnyama wa mwitu jamaa zake watalipwa shilingi milioni 5. Lakini waulize majirani zetu fidia huchukua miaka mingapi kufika, nao watakuonyesha makaratasi. Basi mimi nilikuwa nimelipa fedha, nikavuka nchi nyingi, nikalia kwa furaha mbele ya kitu ambacho mama yangu hukifukuza kwa debe.

Je, ni yupi kati yetu aliyemwona ndovu kweli? Nilitaka kusema ni mama, kwa kuwa yeye hulipa kwa mahindi nami nililipa tikiti. Lakini mama hajapata kumwona ndovu mchana, ametulia, akimwogesha mtoto wake. Humwona gizani kama mwizi. Mimi nilimwona kama malkia, mchana, uzio wa reli ukiwa kati yake na bustani za watu wengine. Kila mmoja ana nusu. Nadhani kosa la msafiri si kufurahia nusu yake. Kosa ni kuiita kitu kizima, kisha kumwona mwenye nusu ya pili kuwa mshamba asiyejua uzuri. Huko Sagalla, jirani na kwetu, wakulima wengine wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwa waya kuzunguka shamba. Ndovu akiugusa waya nyuki hutoka, na ndovu, pamoja na ukubwa wake, huwaogopa nyuki. Asali huuzwa. Uzio wa namna hiyo hauwezi kubuniwa na mpitaji. Lazima mtu awe amekaa, amwogope ndovu na kumjua.

Nilirudi kwa garimoshi la Nairobi na Mombasa, nikashuka Voi, nikaenda kumwamkia mama. Nilimpelekea shuka, na picha mbili tu za ndovu. Alizitazama kwa muda, akaniuliza kama wale nao hula mashamba. Nikamweleza habari zote: mwindaji, ndovu 11, reli za tramu, na jinsi walivyokuwa wakiletewa machungwa malori kwa malori ili wakae. Alisikiliza akichambua mbaazi, wala hakunikatiza. Nilipomaliza alikaa kimya kidogo, kisha akauliza:

"Na hayo machungwa, mwanangu, aliyalima nani?"